Mkato wa Pili

Sijui ni nani aliyeamua tuishi kwa safu. Nilipopata akili nilijikuta ndani ya chumba, na chumba changu kimeshikana na cha jirani, na cha jirani kimeshikana na cha mwingine, ukuta mmoja watu wawili, ukuta mmoja watu wawili, hadi kule mwanzo wa safu ambako macho hayafiki kwa ukungu. Vyumba havikuwa na milango. Vilikuwa na dirisha la nondo upande wa mbele, na katika kila ukuta wa pembeni tundu la ukubwa wa kiganja. Kwa tundu hilo jirani alikupa moto, alikupa chakula, alikupa habari, na alikupa pia kikohozi chake. Hakuna aliyetoka. Mtu akichakaa alitoweka, na kabla godoro halijapoa alitokea mwingine mahali pake mwenye sura ileile, akamalizia sentensi ambayo mwenzake aliiacha katikati.

Mimi naitwa Sikitu. Nadhani ndiye mimi. Wakati mwingine nakumbuka mambo ambayo sikuyafanya: ugomvi na mtu aliyetoweka zamani, homa ya mwili ambao si huu, wimbo niliombembelezea mtoto nisiyemzaa. Maisha nimeyavaa kama nguo ya mtumba. Nikitia mkono mfukoni naokota vitu vya mwenyewe wa kwanza.

Chumba changu kilikuwa cha mwisho katika safu, na ndicho pekee chenye mlango, kwa sababu mimi ni mkataji. Safu haiishi peke yake. Ukungu ukizidi uzito, safu nyingine hutokea kusikojulikana ikaja kutulia mbele yetu, dirisha kwa dirisha, chumba cha moto kikitazamana na chumba cha moto, chumba cha kisima na chumba cha kisima. Kati yetu hubaki ujia mwembamba. Hapo ndipo mimi hutoka na msumeno. Huchagua kiungo kimoja kati ya chumba na chumba, hukata, na kiungo cha upande wa pili huachia chenyewe, kama mkono unaomwachia aliyeuachia. Kisha vyumba vyote kutoka kwenye mkato hadi mwisho wa safu hubadilishana: mkia wetu huenda kwao, mkia wao huja kwetu. Safu mbili huondoka zikiwa mpya, ingawa ndani yake hamna chumba hata kimoja kilicho kipya.

Halafu huja Mchujo. Mchujo si mtu, wala si mnyama, wala hauna hasira. Ni kama uzito unaoshuka juu ya paa na kupima. Ungekuwa unapima chumba kimoja kimoja, pengine tungeuita haki. Lakini hupima safu nzima kwa mara moja. Safu inayohimili hubaki. Safu inayoyumba huondoka yote, na mwenye sakafu imara huondoka pamoja na mwenye sakafu iliyooza, na hakuna anayeitwa pembeni aulizwe alikuwa nani.

Kwa hiyo nilikua na swali moja, na sikulitafuta, lilinikuta. Wema wa mtu ni wake? Au ni wa ukuta anaouegemea? Nikiwa na kitu kizuri ndani yangu, na nimezaliwa katikati ya wabovu wawili, uzuri wangu uko wapi siku ya kupimwa? Nani atauona? Na yule mbovu aliyezaliwa ubavuni mwa mzuri akavushwa naye, akasalimika, akaenea, je, naye tumwite mzuri?

Hili la mwisho halikuwa swali la kufikirika. Sote kwenye safu tulikuwa viziwi wa sikio la kushoto. Ilisemwa kwamba zamani, baridi ilipoingia, alitokea mtu mmoja aliyejua kuuhifadhi moto usizimike, na jirani yake alikuwa kiziwi wa sikio hilo. Safu iliyokuwa na moto ikabaki, nyingine zote zikaondoka. Uziwi ukavuka mgongoni mwa moto. Tangu hapo ukizungumza na mtu wetu lazima ageuze shingo, na watoto hudhani kugeuza shingo ndiyo adabu.

Sheria yetu ilikuwa mkato mmoja kila msimu. Hakuna zaidi. Nayo ilikuwa na sababu yake. Walikuwepo wakataji waliolewa kukata, wakakata kila kiungo walichokiona, na siku moja chumba chenye kisima kikabaki upande mmoja na chumba chenye kamba kikaenda upande mwingine. Watu walikufa kwa kiu huku wakitazama maji. Kuna vitu vinavyofaa kwa sababu tu viko pamoja. Mkataji asiyelijua hilo ni sawa na kichaa mwenye panga. Nililijua. Nilifundishwa hilo na Sikitu wa kabla yangu, au nilijifundisha mwenyewe nilipokuwa yeye.

Kisha maji yakawa machungu.

Hayakugeuka kwa siku moja. Kwanza yalibaki ulimini kama ladha ya shaba. Baadaye watu walianza kutapika. Mchujo ulikuwa umezoea kutupima kwa baridi na njaa, na kwa baridi na njaa tulikuwa tumepangika vizuri; sasa tukajua tutapimwa kwa kitu kingine, na hatukuwa na chochote cha kukikabili.

Isipokuwa Siwema. Siwema ni mdogo wangu. Ukihesabu kutoka kwangu kurudi nyuma, yupo Mzee Ngwali, kisha yupo yeye. Siku moja Ngwali alinipa kikombe kwa tundu letu, akaniambia ninywe. Nikanywa. Maji yalikuwa matamu, baridi, hayana shaba.

"Umeyapata wapi?" nikamuuliza.

"Kwa mdogo wako. Anasema ameyaweka tu kwenye mtungi wake, akayaacha. Ukiyaweka kwangu ni machungu. Yakipita kwake yanatoka hivi."

Nikainama tunduni nikapaza sauti ipite chumba cha Ngwali. "Siwema! Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu, dada," akajibu kwa mbali. "Nimeamka tu ikawa hivyo. Naogopa."

Alikuwa na haki ya kuogopa. Kitu kizuri kilikuwa kimetokea mahali pabaya kabisa. Upande wake wa nyuma, wa kuelekea mwanzo wa safu, kulikuwa na chumba ambacho mwenyewe alitoweka na hakutokea mwingine. Mchwa walikuwa wameikalia boriti yake kuu, na ukitega sikio la kulia uliwasikia wakitafuna. Upande wake wa mbele alikuwepo Ngwali. Ngwali alikuwa mtu wa utani na huruma, fundi wa kushona makoti ya baridi, lakini chumba chake kilitoa jasho. Kuta zake zilizaa kuvu nyeusi. Alizikwangua, zikazaa tena. Kifua chake kilikuwa kimejaa kuvu hiyohiyo, na akikohoa vumbi lilishuka kutoka dari zetu sote watatu.

Nilitoka nje na kuyagusa mapaa yetu kwa mkono. Nilijua, kama mtu anavyojua jino litakalong'oka, kwamba safu yetu haitahimili. Maji matamu yangetuongezea uzito upande mmoja wa mizani. Mchwa na kuvu na nyufa zote za huko mwanzo zingetuvuta upande mwingine. Mdogo wangu angeondoka pamoja nasi, na maji matamu yangeondoka naye, na hakuna ambaye angejua kwamba yaliwahi kuwepo.

Msimamizi wa safu aliitwa Mwinshehe. Alikaa chumba cha kwanza kabisa na hakuna kati yetu aliyewahi kuiona sura yake. Maneno yake yalitujia yakiwa yamepita vinywa vyote, tundu kwa tundu, na kila mmoja aliyasema kwa sauti yake mwenyewe, kiasi kwamba ukiamriwa na Mwinshehe uliamriwa na jirani yako. Ukungu ulipoanza kuwa mzito, amri ilifika kwangu kwa mdomo wa Ngwali.

"Mwinshehe anasema safu mwenza inakaribia. Anasema msimu huu ukate kiungo cha mwisho."

"Cha mwisho ni kati yangu na wewe, Mzee Ngwali."

"Ndiyo hivyo. Anasema uvuke peke yako. Siwema abaki. Anasema sasa tuna maji, hatuwezi kumpa mtu mwingine maji yetu."

"Mwambie safu itaanguka na maji yake."

Ngwali akageuka, akayatuma maneno. Nikayasikia yakienda, yakififia chumba baada ya chumba. Nilikaa sakafuni nikingoja. Majibu yaliporudi, Ngwali aliyatamka taratibu, macho yake yakiwa chini.

"Anasema tulivyo ndivyo tulivyobaki. Anasema kila kilichopo hapa kimepita mikononi mwa Mchujo mara nyingi kuliko nywele zako, na wewe ni nani wa kukipanga upya. Anasema mkataji anapewa nafasi ya kuokoka, ashukuru."

Hakuwa mjinga. Hilo ndilo lililoniuma. Kila alichosema kilikuwa kweli kwa maji ya zamani.

Safu mwenza ilifika bila kelele, kama chombo kinachosogezwa mezani na mtu asiyeonekana. Nikafungua mlango nikatoka. Ujiani mtu hapaswi kukaa sana, jina humtoka. Nilijisemea, Sikitu, Sikitu, nikatembea nikiikagua safu ya wageni. Ilikuwa imara. Boriti kavu, kuta zimenyooka, vyumba vimeshikana kama meno ya kijana. Mlango wa mkataji wao, uliotazamana na wangu, ulikuwa umeziba kwa kutu. Kwao walikuwa hawajakata kwa muda mrefu, wala hawakuwa na haja. Lakini madirishani niliona watu waliolala hoi na midomo iliyopasuka, na ndoo zilizojaa maji ambayo hakuna aliyeyagusa.

Kwenye dirisha lililotazamana na la Siwema alisimama mwanamke. Nikarudi nyuma hatua moja. Alikuwa Siwema. Paji lilelile, kidoti kilekile chini ya jicho.

"Wewe ni nani?" nikauliza.

"Mwaka," akasema. "Na wewe ni mkataji. Nimesikia habari zenu. Mnakata watu."

"Nakata viungo."

Akacheka kidogo, akakohoa. "Huyo wa nyuma yako, mwenye uso wangu. Kila nikimtazama anakunywa maji. Anakunywa kama hana wasiwasi. Kwake yana nini?"

Nikamweleza. Sikuweza kumdanganya mtu mwenye uso ule. Nikamwambia kuhusu mtungi, mchwa, na kuvu ya Ngwali. Nikamwambia kuna namna ya kumleta Siwema huku, kwenye safu iliyo kavu, na watu wote hawa wakanywa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza lile nililokuwa nalikwepa.

"Akija huku, mimi naenda wapi?"

"Kule. Mahali pake."

"Nitaishi?"

"Sijui."

"Unajua."

Nilizitazama nondo. "Hutaishi," nikasema. "Hatutaishi sote wa kule."

Mwaka hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Aliufunga ubao wa dirisha lake taratibu, bila kuubamiza, na nikabaki peke yangu ujiani nikilitafuta jina langu.

Nilirudi chumbani, nikaketi na msumeno mapajani. Njia zilikuwa tatu, na nilizipitia moja moja. Nikikata kati yangu na Ngwali, navuka peke yangu, naishi, na nafika huko mikono mitupu. Nikikata nyuma ya Siwema, kati yake na chumba cha mchwa, tunavuka watatu: Siwema, Ngwali na mimi. Ni mkato mmoja, sheria haijavunjwa, mdogo wangu yuko hai na mimi niko naye. Lakini kuvu inavuka nasi. Maji matamu yangeibeba. Safu ile ingeishinda misimu ya mwanzo kwa sababu ya maji, ingezaa safu nyingine, na kila mtu mahali popote angekuwa na kifua cha Ngwali kama sasa kila mtu ana sikio letu. Halafu ingekuja baridi, au kitu kingine tusichokijua, na kuta zote zilizolowa zingelala chini kwa pamoja.

Njia ya tatu ilikuwa mikato miwili. Mmoja nyuma ya Siwema, mmoja mbele yake. Avuke yeye tu, msafi, na kila kilichomzunguka kibaki.

Nibaki.

Hapo niliiona mantiki ya kifungo chetu, na ilikuwa ndogo kiasi kwamba ingeingia kwenye ganda la korosho. Mkono unaofungua haufunguki wenyewe. Nikikata vizuri kabisa, nitakuwa nimekikata kile kinachokata. Siwema atafika upande wa pili, na huko mlango umeziba kwa kutu, na hakuna atakayejua kwamba aliletwa na mikato miwili. Watamwabudu kwa maji yake. Watasema, tulivyo ndivyo tulivyobaki. Na siku itakapotokea Siwema mwingine katikati ya uozo mwingine, hatakuwepo wa kumtoa. Je, basi ndiyo sababu wakataji wa kweli ni wachache? Si kwamba hawakuzaliwa. Walizaliwa, wakakata, wakabaki upande uliopotea.

Ngwali alikuwa ananitazama kwa tundu.

"Najua unachowaza," akasema. "Mwanangu, mkato mmoja unatosha. Nyuma ya Siwema. Tunavuka sote."

"Na kuvu, mzee?"

"Nitakwangua. Kila siku nitakwangua."

"Unakwangua sasa."

"Nitakwangua zaidi!" Sauti yake ikapasuka. "Unanipima, Sikitu? Wewe nawe umekuwa Mchujo? Nimekushonea koti. Nimempa mdogo wako moto wangu kila baridi kupitia tundu hili. Mimi si kuvu. Mimi ni mtu anayeishi kwenye chumba chenye kuvu."

Niliweka kiganja changu kwenye tundu, naye akageuza uso.

Nikatoka. Nikapita dirisha la Ngwali, nikapita la Siwema, nikafika kwenye kiungo kilichopakana na chumba cha mchwa. Siwema alinisogelea kwa ndani akashika nondo.

"Dada, unakata hapa? Mwinshehe alisema mwisho."

"Nakata hapa. Sasa nisikilize. Nikimaliza, safu itajikaza. Mbao zitakuwa ngumu kama chuma kila mahali karibu na mkato, na ujia utafumba. Nitapata muda wa kurudi chumbani tu. Kwa nje hakuna anayeweza kukata tena. Lakini ndani kiungo hubaki laini kwa kitambo. Nitakupitishia msumeno kwa Mzee Ngwali. Ukate kati yako na yeye."

Nilimwona akielewa, kipande kwa kipande.

"Na wewe uko upande gani?"

"Wa kwake."

"Hapana."

"Siwema."

"Hapana, dada. Unataka niwakate wewe na yeye kwa mkono wangu? Mimi? Nilikuwa nalala kwa kusikia kikohozi chake. Nisipokisikia siamini kama usiku umeingia."

"Ukiacha, tunavuka wote watatu. Ni juu yako. Msumeno utakuwa mkononi mwako, mimi sitakuwepo kukulazimisha."

"Na huyu?" Akaonyesha dirisha la ng'ambo lililofungwa. "Huyu mwenye uso wangu amekubali?"

"Hajakubali."

Siwema akaweka paji lake kwenye nondo. Nilitaka kumwambia maneno makubwa, kuhusu watu watakaokunywa, kuhusu safu zitakazokuja. Nilichosema ni, "Shika msumeno karibu na mpini. Usiusukume. Uvute. Meno yake yanakata ukivuta."

Nikakata. Mbao za mchwa ziliachia haraka, unga ukanijaa usoni. Kiungo cha upande wa pili kikaachia kwa mlio mzito. Mara ujia ukaanza kubana, na nikakimbia nimeshika ukuta, jina langu likinitoka silabi kwa silabi, hadi nikajitupa chumbani na mlango ukajifunga nyuma yangu kwa namna ambayo nilijua hautafunguka tena.

Nikauingiza msumeno kwenye tundu kwa ncha. Bapa lake ni jembamba, ukapita. Ngwali akaupokea.

Hakuupeleka. Alikaa katikati ya chumba chake, ameukumbatia kama mtoto. Safu ilikuwa inatetemeka. Mkia wetu, sisi watatu, ulikuwa umeanza kusogea kuelekea ng'ambo. Angekaa hivyo tu, bila kufanya lolote, tungevuka. Sikumwomba. Nilikuwa nimeshamwomba mengi. Na nitasema ukweli: sehemu yangu iliomba abaki pale pale.

"Siwema," akaita.

"Naam, mzee."

"Sogeza taa kwenye tundu lako."

Mwanga ukapita ukutani. Ngwali akainama kuchungulia chumba cha mdogo wangu, na mimi nikachungulia nyuma yake kwa tundu langu. Kwa Siwema, kwenye ukuta wa dirisha ulio kando ya tundu, palikuwa pameota weusi. Ulikuwa na umbo la kiganja, vidole vitano vimetanuka, mahali ambapo Ngwali alikuwa akipitisha mkono na kujiegemeza kila alipompa moto. Kutoka kwenye vidole hivyo, mishipa myembamba myeusi ilikuwa imeteremka hadi karibu na mdomo wa mtungi.

Ngwali alikitazama kiganja chake. Akakitazama kile cha ukutani. Hakusema maneno ya busara. Alisema, "Nilidhani nampasha joto," kisha akausukuma msumeno kwa Siwema, haraka, kama mtu anayetupa kitu cha moto.

Halafu nikasikia meno yakigusa mbao. Mara ya kwanza alisukuma, yakakwama. Nikapiga ukuta kwa ngumi. "Vuta!" Ngwali naye akapiga ukuta. "Vuta, binti!" Siwema akavuta. Alikuwa analia kwa sauti huku akivuta, na kilio na msumeno vilikwenda kwa mwendo mmoja, mpaka sikuweza kutenganisha kipi ni kipi. Kiungo kikaachia. Ubaridi wa ukungu uliingia kwa tundu la Ngwali, kulikuwa na utupu mahali palipokuwa na mdogo wangu, na sisi wawili tukarudishwa nyuma kwa kishindo, kwenye safu yetu ya mchwa.

Kisha chumba kingine kikaja kikajipachika kati ya Ngwali na chumba cha mchwa.

Mwaka alisimama kwenye tundu lake akamtazama Ngwali, akanitazama mimi kupitia kwa Ngwali, na macho yale niliyoyajua hayakunijua.

"Umefanya," akasema.

"Nimefanya."

"Hukunisubiri nikujibu."

"Sikusubiri."

Alinipa mgongo. Kutoka mwanzo wa safu maneno ya Mwinshehe yalianza kuja, yakiwa makali, lakini chumba cha mchwa hakikuwa na mtu wa kuyapokea na Siwema ndiye aliyekuwa na sikio la kuyadaka kupitia ukimya huo. Mwaka hakujua kuyasikiliza. Yakafia hapo. Kwa mara ya kwanza hatukuwa na msimamizi, na haikutusaidia kitu.

Safu mwenza ilianza kuondoka. Nililing'ang'ania dirisha langu. Niliwaona watu wao wakiamka mmoja mmoja, kikombe kikipita tundu kwa tundu, mtu akinywa, akishangaa, akimpa jirani. Ukungu ulifunika nusu yao. Kabla haujafunika wote nilisikia msumeno. Mvuto mfupi, kimya, mvuto mfupi. Siwema alikuwa kwenye kiungo kingine, kwa ndani, katika safu ambayo haikukatwa tangu mlango wake ushike kutu. Sikujua anamtenga nani na nani. Huenda alikosea. Huenda alikuwa anatenganisha kisima na kamba. Lakini alikuwa anavuta, hasukumi.

Tuliobaki tulibaki. Maji ya Mwaka yalikuwa machungu na tuliyanywa. Hakuzungumza nami. Ila chumba chake kilikuwa kikavu, mbao zake zilinukia jua ambalo sikuwahi kuliona, na ukuta wake uliopakana na Ngwali ulianza kuunyonya unyevu. Ngwali aliuegemeza mgongo na kifua chake kikatulia. Alilala usingizi mrefu kuliko wowote niliomfahamu nao. Mwaka alimsikiliza akipumua. Mzee alipoamka, Mwaka alimpa kwa tundu kipande cha kitambaa chake afutie kuta, na mzee akampa koti.

Mchujo ulikuja tukiwa hivyo. Ulianzia mwanzoni mwa safu. Nilisikia paa la Mwinshehe likielemewa, kisha la baada yake, na watu wakiitana majina tundu kwa tundu, kila mmoja akimtamka jirani yake kwa hofu ya kumsahau. Mchwa wakaacha kutafuna. Mwaka akasogea kwenye tundu lake.

"Mkataji," akaniita. "Unaitwa nani?"

"Sikitu."

"Unaogopa?"

"Sana."

Akauingiza mkono wake kwa Ngwali hadi begani. Ngwali akaushika, na mkono wake mwingine akanipitishia mimi, mweusi, umelowa, una joto. Boriti zetu zote zilikuwa zinalia sasa. Nilizishika zile nyufa kwa macho, kiungo hiki, kiungo kile, kisha nikayafumba. Nikaushika mkono wa Ngwali kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza maishani sikutafuta pa kukata.